Sifuri Isiyo na Mwenyewe

Askari wenzake walimwita Kobe, na wala si kwa ajili ya busara. Alitembea kama mtu anayepima sakafu kwa visigino, na shingo yake ilitoka ndani ya kola pale tu palipokuwa na harufu ya chakula au ya uongo. Asubuhi ile katika chumba cha mahojiano hapakuwa na chakula.

Mbele yake aliketi mwanamke aliyeshika kikombe cha chai ambacho hajakinywa. Huyu ndiye fundi wa mitambo wa ghala la baridi, na kazini walimwita Dada Fundi, hata wale waliomzidi umri. Mkuu wa kituo alikwisha kata kauli juu yake: jalada linaondoka jioni kwenda kwa mwendesha mashtaka, na juu ya jalada yameandikwa maneno mauaji ya kukusudia. Kobe alipewa muda kuanzia chai ya asubuhi mpaka gari la jioni, ama ayafute maneno hayo, ama ayakoleze wino.

Kisa chenyewe kilijulikana hata na wauza karanga wa nje ya kituo. Jumamosi, msimamizi wa ghala, ambaye mkubwa na mdogo walimwita Kaka Mkubwa, aliingia peke yake kwenye chumba cha kugandishia. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa sumaku, kama desturi yake. Ili utoke unabonyeza kitufe cha kijani. Kitufe kinaiomba kompyuta iliyoko chumba cha mitambo. Kompyuta inaachia sumaku. Unatoka ukipuliza viganja. Siku hiyo kompyuta ilikuwa imezimia. Kaka Mkubwa alibonyeza kile kitufe mpaka kikatumbukia ndani ya ukuta, na waliokuja kumtoa walimkuta amekaa chini, kidole kimoja bado kimenyooka.

Mtaalamu kutoka makao makuu ya kampuni akaichunguza kompyuta, akasema katika mipangilio yake kuna sifuri moja ambayo, isingekuwapo, yule mtu angekuwa hai. Sifuri ikaulizwa mwenyewe ni nani. Kwa kuwa aliyejulikana kuwa na funguo za chumba cha mitambo alikuwa mmoja tu, sifuri ikapata mama.

"Nieleze hii sifuri kama unamweleza bibi yako," Kobe alisema.

"Bibi yangu angeelewa haraka, afande."

"Basi nieleze mimi, polepole."

Akamweleza. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, na kiini ndiye baba mwenye nyumba: ndiye anayeamua nani apewe nafasi, nani asubiri, nani afukuzwe. Kiini kikipatwa na hitilafu inayokizidi nguvu, kinaganda, na nyumba nzima inaganda nacho. Kuna mpangilio mmoja unaokiambia cha kufanya hapo. Ukiuwekea kumi, kinahesabu sekunde kumi kisha kinajiwasha upya, na kikijiwasha milango yote inaachia. Ukiuwekea sifuri, kinakaa vilevile mpaka aje mtu.

Kobe aliuliza kinakaa mpaka lini.

"Mpaka kiama, kama mtu haji."

"Nawe ukauwekea sifuri."

"Mimi niliitoa sifuri," Dada Fundi alisema. "Niliikuta pale. Hakuna aliyeiweka, afande. Ndivyo inavyotoka kiwandani."

Waliotengeneza mfumo, alieleza, hawakuwa na nia mbaya. Walifikiria kompyuta ya ofisini, ambayo ikianguka ni vizuri ibaki imeanguka ili fundi aje asome kwenye kioo imekufa kwa nini. Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja kompyuta hiyo hiyo itapewa mlango, na nyuma ya mlango kutakuwa na mtu mwenye mapafu.

Yeye alipoliona jambo lile alimwendea Meneja wa ghala, akamwomba ruhusa ya kuandika kumi kwenye faili la mipangilio. Meneja akasema faili halishikwi bila kibali cha makao makuu, kwa sababu likishikwa dhamana ya mtengenezaji inakufa. Kibali hakikuja. Basi akafanya walivyofanya mafundi wote waliomtangulia pale: badala ya kuandika kwenye faili, akakiamuru kiini papo hapo. Amri ya namna hiyo inashika mara moja na haiachi alama kwenye faili. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba inakaa kichwani. Mashine ikizimwa na kuwashwa, inasahau kila ilichoambiwa, inarudi kwa yale iliyozaliwa nayo. Lakini mashine ile ilikuwa na betri ya akiba, haikuzimwa hata umeme ulipokatika. Ghala zima lilijivunia jambo hilo.

"Nani alikuona ukiamuru?"

"Kaka Mkubwa. Alisimama nyuma yangu anakula njugu, maganda yote kwenye shingo yangu."

"Mwingine?"

Dada Fundi alitazama chai yake.

"Una shahidi mmoja, dada, naye ndiye marehemu. Watu hujipanga vizuri kuliko hivyo."

"Ningejua nitashtakiwa ningejipanga."

Kobe akauliza habari za ule ugomvi, kwa maana Meneja alikwisha andikisha kwamba wawili hao walisikika wakibishana kwa sauti. Jibu likawa kwamba ubishi ulikuwa wa maganda ya njugu. Akauliza pia habari ya likizo. Mkuu aliipenda sana likizo ile; alisema mtega mtego halali karibu na mtego wake. Dada Fundi alikuwa amekwenda kwa mama yake tangu Jumatatu, amerudi Jumapili asubuhi, na waliompokea getini walikuwa askari.

Kobe alisimama, akafunga kishikizo cha koti. Alimwambia kwamba akipata mtu aliyeizima mashine wakati yeye hayupo, hadithi yake itasimama kwa miguu yake. Asipompata, itabaki hadithi.

"Nikikupatia huyo mtu, unatoka," alisema. Baadaye aliyajutia maneno hayo kuliko yote aliyosema siku ile.

*

Meneja wa ghala alimpokea kwa manukato na kwa sentensi moja ambayo alikuwa ameitayarisha: yeye si mtu wa mitambo. Aliisema mlangoni, akaisema ngazini, na walipofika chumba cha mitambo aliisema tena, huku ametazama ile kompyuta kama mtu anayemtambulisha shemeji asiyempenda. Kobe alimwuliza kama fundi alipata kumwomba ruhusa ya kugusa faili.

"Hakuna ombi lililoandikwa."

"Na la mdomo?"

"Kwa mdomo watu husema mengi, afande."

Mtaalamu wa makao makuu alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na tofauti na Meneja hakuwa na sentensi ya kujikinga. Kobe alimwuliza kama ile sifuri iliandikwa na mtu. Akajibu kwamba yeye aliulizwa thamani ni ngapi. Hakuulizwa imetoka wapi.

"Basi nakuuliza sasa."

Ghala lilikuwa na mashine nyingine ya akiba, ndugu ya ile, bado imo kwenye kasha lake na mkanda wa kiwandani haujabanduliwa. Kobe aliomba iletwe. Akaubandua ule mkanda mwenyewe kwa ukucha, polepole, Meneja akihema pembeni kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mashine ikawashwa. Mtaalamu akaandika neno moja refu, akagonga kitufe, akasogea ili Kobe aone.

Sifuri.

"Hii imeandikwa na nani?" Kobe aliuliza.

"Hakuna mtu. Ndilo chaguo-msingi, inavyotoka kiwandani."

Wakafungua na faili lenyewe la mipangilio, la mashine mpya kisha la ile ya zamani. Yalifanana kama mapacha. Kila mstari ulitanguliwa na alama inayoiambia mashine, usinisome. Faili zima lilikuwa ushauri tu. Hapakuwa na amri hata moja ndani yake. Kwa miaka yote hiyo ghala lilikuwa likiendeshwa na mipangilio ambayo hakuna mtu wa ghala aliyeichagua, na watu wakilinda faili lisiguswe kama mlinzi anayekesha kwenye lango lisilo na shamba.

Shingo ya Kobe ikatoka kwenye kola kidogo. Sasa akataka ushahidi kwamba amri ya kumi iliwahi kutolewa. Mtaalamu alimwambia kuna sehemu mbili za kutazama, na sauti yake tayari ilikuwa inamwandaa kwa msiba. Ya kwanza ni kumbukumbu ya amri alizoandika fundi. Lakini mashine kwa kawaida yake hutunza amri za mwisho mwisho tu, na fundi huyu alikuwa mchapakazi. Kila siku aliikagua mashine, na kila ukaguzi uliisukuma ile amri ya zamani mpaka ikadondoka ukingoni. Angekuwa mvivu ingekuwepo. Ya pili ni shajara ya mashine yenyewe, inayoandika kila inapowashwa na kila inapozimwa.

"Iko wapi?"

"Mfumo huu huiweka kichwani mwake, mpaka mtu auandalie folda ya kuihifadhi kwenye diski."

"Na hapa mtu aliiandaa?"

Mtaalamu alivua miwani, akaipangusa kwa shati. Hakuna aliyeiandaa. Mashine ilipowashwa upya Jumamosi ili kumtoa marehemu, shajara nzima ilipotea. Kwa hiyo chaguo-msingi moja lilimfunga mtu ndani, jingine likafuta yaliyotokea, na yote mawili hayakuwa na mkono wa binadamu wa kufungwa pingu.

Kobe aliomba kuonyeshwa ule mlango. Upande wa ndani, chini ya kitufe kilichotumbukia, aliona matundu manne yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Akauliza ni ya nini. Meneja, kwa mara ya kwanza, alijua jibu la kimitambo: hapo hufungwa mkono wa dharura, wa kufungulia mlango bila umeme. Haukuja na mlango. Huuzwa kando.

Juu ya mlango palikuwa na kioo kidogo cha saa kinachosoma tarehe kutoka kwenye kompyuta. Kiliandika Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Kobe hakuwa amezaliwa mwaka huo, na Meneja alidai yeye pia, ingawa hapo Kobe alimtazama mara mbili. Mtaalamu akaeleza kwamba kibetri cha saa ndani ya mashine kimekufa, na hapa hakuna mtandao wa kuirekebishia saa. Kwa hiyo ikizimwa na kuwashwa huanza kuhesabu kutoka tarehe ile ya kiwandani. Ilizimwa Jumamosi, ndiyo maana. Jambo hilo halikuwa na siri, na Kobe akalipita.

*

Alilirudia kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine.

Wanawake wa kufungasha walikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanapasha mikono juu ya bomba la maji moto. Kobe alikwenda kuwauliza habari za ugomvi wa njugu, na wote wakathibitisha kwamba ulikuwa wa njugu. Marehemu, walisema, alikuwa hawezi kula bila kumchafua mwenzake. Hata kwenye maziko yake mmoja alijikuta anapangusa bega. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa walikuwa wamecheka.

Aliyewarudisha kwenye maneno ni mama mmoja mnene waliyemwita Kiredio, ambaye hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alimwuliza Kobe ni lini watarekebishiwa saa ya mlangoni. Akasema hawezi kueleza nyumbani kwake kwamba anafanya kazi mwaka sabini, wakati mumewe anajua fika kuwa mwaka huo mama yake Kiredio alikuwa bado anaruka kamba.

Kobe alimwambia itarekebishwa, ni tangu Jumamosi tu.

"Jumamosi gani, mwanangu? Sisi tuko mwaka sabini tangu siku ya wageni."

Alipoambiwa arudie, alirudia, na wenzake wakamwunga mkono. Siku ya wageni ilikuwa Jumanne. Wakubwa wa makao makuu walikuja kutembezwa, ghala likapambwa, na jioni yake walipotoka saa ya mlangoni ilikuwa imekwisha rudi kabla hawajazaliwa. Walimwambia Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa akamwambia Meneja. Meneja akasema ingojewe Dada Fundi arudi likizo, maana yeye si mtu wa mitambo. Wiki nzima wakataniana: akichelewa mtu, anaambiwa hajachelewa, amewahi kwa miaka hamsini na kitu.

Kobe aliwashukuru, akatoka, akasimama ukumbini. Kama saa ilirudi sabini Jumanne, basi mashine ilizimwa Jumanne. Kama ilizimwa Jumanne, kila amri ya papo hapo ilifutika Jumanne, na tangu hapo ile sifuri ilikuwa imekaa kwenye kiti chake, inasubiri. Dada Fundi alikuwa kwa mama yake. Kilichobaki ni kujua mkono ulioizima, na siku ya wageni mikono yenye kazi karibu na chumba cha mitambo haikuwa mingi.

Aliuliza nani alisafisha ukumbi ule. Akaambiwa ni Mdogo.

*

Mdogo alikuwa mdogo wake marehemu, tumbo moja, na jina hilo alilipata siku aliyoingia kazini, kwa sababu kaka yake alikwisha chukua ukubwa. Kobe alimkuta anasukuma mashine ya kung'arishia sakafu, macho mekundu. Alipomwona askari aliiachia ikazunguka peke yake mpaka ikagonga ukuta.

Alichotaka kujua ni kama yule mwanamke amekiri. Mama yao halali, alisema. Mama anakaa kitandani kwa marehemu anauliza swali moja tu, ni mtu gani anaweza kukaa chini akaandika namba ya kumuua mwanawe. Amemwambia Mdogo asirudi nyumbani na jibu la nusu.

Kobe aliizima ile mashine. Alimwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sabuni, siku ya wageni alipata wapi umeme wa kung'arishia ukumbi huu, maana soketi anazoziona hapa ni chache.

Mdogo akaeleza bila kusita. Soketi za ukumbini zote zilishikwa, nyingine na spika, nyingine na mapangaboi ya wageni. Wageni walikwisha fika getini na sakafu bado ina nyayo za buti. Kaka yake akafungua chumba cha mitambo kwa ufunguo wa akiba, akamwonyesha boksi la betri chini ya meza.

"Akasema, mdogo wangu, chomoa hiyo, chomeka yako, fanya haraka. Haina neno, ikirudishiwa itaamka yenyewe."

"Ukachomoa wewe au yeye?"

"Mimi. Yeye alishikilia mlango. Betri ililia pii, pii, mpaka nikaingiwa na woga, lakini akanicheka. Nilipomaliza nikairudisha, na kweli, ikaamka yenyewe." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Alikuwa anajua vitu, kaka yangu."

Kobe alimwomba ayaseme hayo tena taratibu, akayaandika, akamsomea. Hakumwambia yana maana gani. Mdogo alisikiliza kwa adabu, akaweka sahihi, akauliza kama yatasaidia.

"Yatasaidia," Kobe alisema. Alimwambia aje kituoni kabla ya jioni, kuthibitisha sahihi yake.

*

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa maneno mafupi na chai ndefu. Alimsikiliza Kobe mpaka mwisho: kasha lililofunguliwa kwa ukucha, faili lisilo na amri, saa ya mwaka sabini, plagi ya Mdogo. Hakumkatiza hata mara moja, jambo lililompa Kobe matumaini kwa muda wa vikombe viwili.

"Kwa hiyo hakuandika sifuri," Mkuu alisema.

"Hakuandika, Mkuu."

"Lakini alijua ipo."

"Alijua."

"Na alijua inaweza kuua."

"Ndiyo sababu aliibadilisha."

"Bila kibali. Kwa amri inayoyeyuka umeme ukitoka. Kisha akaenda likizo, hakumwambia mtu kwamba mashine hiyo isichomolewe." Mkuu aliweka kikombe chini. "Umeniondolea kukusudia, umeniletea uzembe uliosababisha kifo. Kukusudia ningehangaika nako mahakamani. Huu uzembe ameukiri mwenyewe, kwa maelezo mazuri kabisa."

Kobe alimtaja Meneja, ambaye aliombwa akakataa, akaambiwa saa imeharibika akangoja. Mkuu akasema Meneja hakujua sifuri ni nini, na hakuna maandishi yanayoonyesha aliwahi kuambiwa. Kutojua hakuna kifungu. Kobe akataja watengenezaji wa mlango, wanaouza mkono wa dharura kando. Mkuu akamwuliza kwa upole gari la kituo lina mafuta ya kuvuka bahari ngapi. Akataja waliotunga ule mfumo, na hapo Mkuu akaita mtu alete maji moto.

"Angekuwa mjinga angekwenda nyumbani leo," Kobe alisema.

"Wajinga wengi wamekwenda nyumbani kupitia mlango huo," Mkuu alijibu. "Sasa huyu kijana."

"Kijana gani?"

"Aliyechomoa."

Kobe alisema kijana aliruhusiwa na msimamizi wake, naye msimamizi ni kaka yake. Mkuu akauliza kama huyo msimamizi aitwe aje athibitishe. Kobe akasema, basi, karatasi ya yule kijana ataiondoa kwenye jalada, kesi haiihitaji.

Mkuu alimtazama, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu anayemweleza mwenzake njia iliyofungwa.

"Iondoe. Ukiiondoa, hakuna anayejua mashine ilichomolewa, maneno ya yule fundi yanabaki hadithi, na tunarudi kwenye mauaji ya kukusudia, kamba shingoni. Ukiiacha, wanakuwa wawili, kwa kosa dogo zaidi, miaka michache michache. Mimi nasubiri gari. Chagua wewe."

Kobe alisimama na jalada mkononi mpaka honi ya gari ikasikika uani. Kisha akaliweka mezani, karatasi ya Mdogo ikiwa ndani.

Alipitia mahabusu. Dada Fundi alikuwa kwenye nondo kabla hajamwita.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Nani?"

Akamwambia. Alitazamia angalau ashushe pumzi, lakini Dada Fundi alishika nondo kwa mikono yote miwili, akauliza kama mama yao anajua. Kobe akatikisa kichwa. Akamwambia na lile jingine, kwamba hatoki.

"Ulisema ukimpata natoka."

"Nilisema."

Dada Fundi alirudi kukaa kwenye benchi. Akasema alikuwa na nusu saa ya bure siku ile, kabla ya likizo. Mstari mmoja tu kwenye faili. Ruhusa au hakuna ruhusa. Alisema alifikiria dhamana ya mtengenezaji, akazima taa, akaondoka. Afande wa zamu alikuwa anamwita Kobe kaunta.

Mdogo alikuwa amefika. Alikuwa ameoga, amevaa shati la maziko, kwa sababu mtu haendi kusikiliza haki ya ndugu yake na ovaroli. Alimpa Kobe mkono, akaurudia, akasema mama amemtuma aseme asante, kwamba wote waliwakimbia ila yeye aliuliza maswali. Akauliza kama atamwona yule mwanamke uso kwa uso leo.

"Utamwona," Kobe alisema.

Afande wa zamu, ambaye alikuwa amekwisha pokea simu ya Mkuu, alisukuma trei ya bati juu ya kaunta. Akasema simu, saa, mkanda, kamba za viatu.

Mdogo alitoa simu. Akavua saa. Alianza kufungua mkanda kwa utii, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwa watu wenye heshima zao, kisha mikono ikapunguza mwendo kwenye bizimu. Alimtazama Kobe, si kwa woga bado, kwa adabu tu ya mtu aliyezoea kuelezwa mambo na mkubwa wake.

"Mkanda wa nini, kaka?"

Kobe alichukua kalamu, akafungua ukurasa mpya, akamwuliza jina la mama yake.